Désiré Tshala-Katumbay na ugonjwa wa konzo: muhogo wa haraka, miguu ya mtoto na akili yake

Kila mvua inapochelewa huku kwetu, ujumbe wa simu unaoingia studio hugeuka. Watu huacha kuuliza bei ya alizeti, wakaanza kuuliza kuhusu muhogo. "Ni kweli muhogo una sumu, au ni maneno ya watu?" "Mtoto amekula ugali wa muhogo akatapika, amelogwa?" "Mbona babu zetu walikula na hawakufa?"

Hewani dakika huwa chache. Ndiyo maana tumeandika makala hii, uisome kwa nafasi yako na umsomee asiye na simu. Tutajibu maswali hayo kwa kufuata kazi ya mtafiti mmoja wa Kiafrika aliyetumia maisha yake ya kisayansi kuuliza swali hilo hilo: sumu ya muhogo inafanya nini ndani ya ubongo wa binadamu?

KWA UFUPI

- Dkt. Désiré Tshala-Katumbay ni daktari na mtafiti wa ubongo kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.
- Amechunguza konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Unawapata watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huku wakikosa protini.
- Yeye na wenzake wameonyesha kwamba sumu hiyo hugusa pia kumbukumbu na uwezo wa kujifunza wa watoto, wakiwemo wanaotembea vizuri.
- Konzo imewahi kutokea Tanzania, mkoani Mara na mkoani Mtwara.
- Inazuilika nyumbani. Kinachotakiwa ni muda, maji kidogo na mboga yenye protini.

KONZO NI NINI

Konzo ni neno la Wayaka wa kusini magharibi mwa Kongo. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Ukimwona mgonjwa unaelewa kwa nini waliuita hivyo. Magoti yanakaribiana, visigino havigusi chini, miguu imekakamaa, na mtu anatembea kwa ncha za vidole kama aliyefungwa kamba.

Mara nyingi unaanza kwa ghafla. Mtoto analala mzima, asubuhi anashindwa kusimama. Au mama anatoka shambani, miguu inatetemeka na kuishiwa nguvu njiani. Ndani ya siku chache ugonjwa unafikia kilele chake, kisha unabaki hapo hapo. Hauzidi, lakini hauponi. Wengine wanaweza kutembea bila msaada, wengine wanahitaji fimbo moja au mbili, na wengine hawasimami tena. Waliopatwa vibaya zaidi huathirika hata mikono, kuongea na macho.

Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo vitatu vya kuutambua ugonjwa huu. Cha kwanza, mgonjwa anatembea au kukimbia kwa miguu iliyokakamaa pande zote mbili. Cha pili, alikuwa mzima, ukaanza ndani ya muda usiozidi wiki moja, na baada ya hapo haukuendelea kuongezeka. Cha tatu, daktari akigonga goti au kifundo cha mguu, mguu unaruka kupita kawaida, na hakuna dalili ya ugonjwa wa uti wa mgongo.

Wanaopatwa zaidi ni watoto wanaokua na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Konzo haiambukizi. Ukiona watoto wawili wa nyumba moja wamepatwa, hawakuambukizana. Walikula chungu kimoja.

HABARI ZAKE KABLA YA TSHALA-KATUMBAY

Aliyeandika kwanza kuhusu konzo ni daktari Giovanni Trolli, mwaka 1938, katika eneo la Kwango huko Kongo ya Wabelgiji. Wakati huo chanzo hakikujulikana.

Mwaka 1981 wilaya ya Memba, mkoa wa Nampula kaskazini mwa Msumbiji, ilipigwa na ukame mkali. Watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Kati ya waliouchunguza alikuwepo daktari kijana kutoka Sweden, Hans Rosling, pamoja na Dkt. Julie Cliff aliyekuwa akifanya kazi Msumbiji. Walianza wakidhani ni polio au gesi ya vita. Ushahidi ukawapeleka jikoni: muhogo mchungu, ulioliwa kabla haujakaushwa vya kutosha, kwa sababu njaa haikungoja.

Tanzania haikuwa mbali. Mwaka 1985 ukame uliikumba Tarime, mkoani Mara. Dkt. William Howlett, bingwa wa mishipa ya fahamu aliyefanya kazi kwa miaka mingi KCMC Moshi, pamoja na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, Rosling na wenzao, waliwachunguza wagonjwa 39 wa huko. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1990. Picha ilikuwa ile ile ya Msumbiji: ukame, muhogo mchungu, unga uliotengenezwa haraka haraka.

Mwaka 1988 huko Masasi, mkoani Mtwara, watu walipata sumu ya papo kwa papo. Mlingi na wenzake walifuatilia, wakakuta kwamba kutokana na upungufu wa chakula watu waliacha njia yao ya kukausha makopa kwa siku nyingi. Badala yake walitumia njia ya mkato iitwayo chinyanya: kutwanga muhogo mbichi na kuuanika kwa muda mfupi, ili unga upatikane siku hiyo hiyo. Mlingi aliendelea na utafiti huo hadi akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, mwaka 1995.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 1990 chanzo kilikuwa kinajulikana kwa kiasi kikubwa. Lakini swali moja lilibaki. Wagonjwa wanaonekana wameumia miguu. Je, jeraha lenyewe liko wapi? Na je, linaishia miguuni?

KUTOKA KINSHASA HADI UPPSALA

Désiré Tshala-Katumbay alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Kinshasa, akajikita kwenye magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Nchi yake ndiyo yenye wagonjwa wengi wa konzo kuliko nyingine yoyote, hasa katika jimbo la zamani la Bandundu. Wagonjwa wengi wanaishi vijijini, mbali na hospitali yenye vifaa vya kupima ubongo.

Kama Mlingi, naye alikwenda Uppsala, na mwaka 2001 alitetea tasnifu yake ya uzamivu kuhusu mfumo wa mwendo kwa wagonjwa wa konzo.

Hapa tueleze kidogo. Ukitaka kuinua mguu, amri inatoka kwenye ubongo. Inashuka kwa njia ndefu ya mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo, na kutoka hapo inapokelewa na mishipa mingine inayofika kwenye misuli. Mguu unaweza kugoma kwa sababu msuli umeharibika, kwa sababu mshipa wa mguu umekatika, au kwa sababu amri haifiki kutoka juu.

Tshala-Katumbay na wenzake waliuamsha ubongo wa wagonjwa kwa umeme na sumaku kutoka nje ya fuvu, wakapima kama amri inafika kwenye misuli. Matokeo yalionyesha hitilafu katika njia ile ya juu, inayotoka kwenye ubongo. Alirekodi pia umeme wa ubongo wenyewe. Kwa maneno ya kawaida, miguu ya mgonjwa wa konzo si mibovu. Aliyeumia ni mtoa amri.

Jibu hilo lilizaa swali zito zaidi. Kama sumu imefika kwenye ubongo, imeacha kugusa nini kingine?

OREGON: SUMU NA TABIA

Baadaye alikwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi cha Oregon mjini Portland. Huko kulikuwa na kundi la watafiti wa sumu za mazingira na kazi zinazoharibu mishipa ya fahamu. Mmoja wao ni Peter Spencer, aliyejulikana kwa utafiti wa ugonjwa mwingine wa kupooza miguu unaotokana na kula kwa wingi jamii fulani ya kunde wakati wa njaa. Ugonjwa huo umewatesa watu wa Ethiopia na India.

Kazi ya aina hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni sayansi ya ubongo: jinsi ubongo na mishipa ya fahamu vinavyofanya kazi. Ya pili ni sayansi ya sumu na tabia: jinsi sumu, hata ile isiyoua, inavyobadilisha kumbukumbu, mwendo, umakini na uwezo wa kujifunza. Wengi wetu tukisikia sumu tunafikiria kifo. Mtafiti wa sumu na tabia anamtazama aliyebaki hai, anauliza kama bado anaweza kukumbuka alichofundishwa jana.

Pamoja na kukaa Oregon hakuiacha Kongo. Ameendelea kufanya utafiti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kinshasa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya nchi hiyo.

SUMU INAVYOFANYA KAZI MWILINI

Muhogo una kitu kiitwacho linamarini. Kikiwa kimetulia ndani ya mzizi hakina fujo. Muhogo ukikatwa, ukitwangwa au ukitafunwa, linamarini inakutana na kimeng'enya cha muhogo huo huo na kuvunjika, kisha inatoka sianidi. Sianidi ni sumu kali. Lakini ina udhaifu mmoja: inaruka hewani kwa urahisi. Ndiyo maana kuloweka, kukwangua, kutwanga na kuanika vyema kunafanya kazi. Unailazimisha sumu itoke mzizini na kupotea hewani kabla haijafika tumboni kwako.

Ikibaki, mwili una njia ya kujitetea. Unaichukua sianidi na kuiunganisha na salfa, inakuwa kitu chenye madhara madogo zaidi kiitwacho thaiosianati, kisha inatoka kwa mkojo. Salfa tunayoisema si ile ya kupulizia mikorosho. Ni salfa inayopatikana ndani ya protini: maharage, kunde, karanga, dagaa, mayai, maziwa, nyama.

Sasa angalia ukame unavyofanya kazi. Mmea wa muhogo ukikosa maji, sumu yake huongezeka. Wakati huo huo maharage na kunde vimekauka shambani, mbuzi ameshauzwa, na dagaa bei imepanda. Familia inakula ugali wa muhogo asubuhi na jioni bila mboga ya maana. Sumu imeongezeka na silaha ya mwili imepungua, kwa pamoja. Tena mwili uliokosa salfa hubaki na sehemu ya sianidi inayogeuka kuwa sumu nyingine, sianati, ambayo watafiti hawa wanaishuku kuchangia kuharibu mishipa ya fahamu.

Ndiyo jibu la swali la babu zetu. Walikula muhogo, lakini waliuloweka siku zao zote, na waliula na mboga.

WATOTO WA KAHEMBA

Kahemba ni eneo la kusini magharibi mwa Kongo, karibu na mpaka wa Angola. Muhogo ndio chakula kikuu, na konzo imekuwepo huko kwa miaka mingi. Tshala-Katumbay alishirikiana na Michael Boivin wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, mtaalamu wa kupima ukuaji wa akili za watoto wa Afrika.

Waliwapima watoto 123 wenye konzo na 87 wasio na konzo wa eneo hilo hilo. Vipimo havikuhitaji kusoma wala kuandika. Mtoto anaonyeshwa picha na kutakiwa kuzikumbuka, anapanga maumbo, anafuata mfuatano, anafanya kazi ndogo ndogo za mikono.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Watoto wenye konzo walifanya vibaya kuliko majirani zao, katika kazi za mwili na za akili. Hilo lilitarajiwa. Lililowashtua wengi ni kuhusu wale majirani wasio na konzo. Wanatembea, wanakimbia, wanacheza mpira. Lakini walipolinganishwa na watoto wa eneo lisilo na konzo, nao walikuwa nyuma katika sehemu za kujifunza na kuelewa mambo kwa pamoja.

Tuseme tena taratibu. Mtoto anaweza kula sumu ya muhogo kwa muda mrefu, asipooze, asilazwe, asionekane mgonjwa, na akili yake ikawa imeguswa. Hakuna daktari atakayemwona, kwa sababu hakuna atakayempeleka. Atakayemwona ni mwalimu wa darasa la pili, naye atasema mtoto huyu ni mzito wa kuelewa.

Watafiti waliwafuatilia watoto hao kwa miaka minne na kuchapisha matokeo mwaka 2017 katika jarida la afya la Lancet. Upungufu wa akili na mwendo uliendelea kuonekana.

PANYA WA MAABARA

Mtu anaweza kusema: watoto wale ni maskini, wamekosa lishe na shule. Utajuaje kwamba ni sumu? Swali ni zuri, na watafiti walijiuliza hivyo hivyo.

Hapa wanaingia Wakenya. Samuel Kimani na Caleb Maitai wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao walishirikiana na Tshala-Katumbay katika jaribio la panya, lililochapishwa mwaka 2014. Panya wachanga waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipewa sianidi kidogo isiyoua, kundi jingine sianati, na kundi la tatu maji ya chumvi tu, kila siku kwa wiki sita. Kisha waliwekwa kwenye chombo chenye vijia vingi vinavyotoka katikati, mfano wa miale ya jua. Panya mwenye kumbukumbu nzuri hakirudii kijia alichokwisha kukipitia.

Waliopewa sianati walikosea zaidi katika kumbukumbu ya muda mfupi. Waliopewa sianidi walikosea zaidi walipopimwa baada ya muda mrefu. Panya hao hawakukosa shule wala hawakuwa na umaskini. Jaribio la panya peke yake haliwezi kueleza kila kitu kuhusu mtoto, lakini lilionyesha kwamba sumu za muhogo zenyewe zinaweza kuchafua kumbukumbu.

Kazi haijaishia hapo. Mwaka 2021 Tshala-Katumbay alikuwa miongoni mwa watafiti waliochapisha uchunguzi wa bakteria wa tumboni kwa watu wa maeneo ya konzo. Lengo lilikuwa kuelewa kwa nini kati ya watu wanaokula chakula kimoja, mmoja anapooza na mwingine hapana.

KWA NINI WATU HUFUPISHA SIKU

Ni rahisi kuwalaumu akina mama. Utafiti unasema tofauti.

Huko Bandundu, watafiti Thorkild Tylleskär, Jean-Pierre Banea na wenzao waligundua jambo la ajabu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Barabara nzuri ilipojengwa, magari ya kununua muhogo kwenda Kinshasa yalifika vijijini. Muhogo ukawa pesa. Kuloweka kulikokuwa kwa siku tatu kukafupishwa hadi siku moja au mbili, ili mzigo uwahi gari. Konzo ikaongezeka. Hakuna aliyekusudia ubaya. Soko lilikuwa na haraka.

Tarime na Masasi ilikuwa njaa. Watoto wanalia, na huwezi kuwaambia wangoje siku tano.

Na sisi wa Kongwa tunayo sababu yetu: maji. Kuloweka muhogo kunataka maji mengi, na wakati wa ukame ndipo ndoo moja ya maji ina thamani. Hapa Mlali chakula chetu ni mahindi, mtama na uwele, muhogo tunaufuata mvua ikitutupa. Maana yake wengi wetu hatukurithi ujuzi wa kuuandaa kama watu wa Mtwara au wa Ziwa. Mgeni wa muhogo ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi.

NAMNA YA KUJIKINGA

Muhogo ni mkombozi wakati wa ukame. Hatusemi uache. Tunasema uheshimu siku zake.

1. Muhogo mchungu usiliwe mbichi wala wa kuchemsha. Uandaliwe kuwa unga. Kama hujui aina ya mbegu, muulize aliyekupa au ofisa ugani wa kata. Na wakati wa ukame usiuamini utamu peke yake, kwa kuwa sumu huongezeka.

2. Loweka siku tatu au zaidi. Menya, loweka kwenye maji hadi mizizi ilainike yenyewe, kisha kamua na uanike hadi ukauke kabisa. Hii ni miongoni mwa njia bora zaidi, kama maji yapo.

3. Kama maji hayapo, kwangua au twanga kwanza. Muhogo uliopasuliwa vipande vikubwa na kuanikwa tu hubaki na sumu nyingi. Uliokwanguliwa, ukakamuliwa, ukavundikwa na kukaushwa vizuri hubaki na sumu kidogo. Mkato wa siku moja ndio uliowaumiza watu wa Masasi.

4. Lowanisha unga kabla ya kupika. Njia hii ilibuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na inahitaji maji kidogo tu. Weka unga kwenye beseni, usawazishe, na uweke alama ulipofikia. Ongeza maji huku ukichanganya. Unga utashuka, kisha utapanda tena hadi kwenye alama. Acha kuongeza maji. Tandaza unga huo mbichi juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimeta moja. Uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu itaruka hewani. Pika ugali siku hiyo hiyo, usiulaze, utaota ukungu.

Njia hii imefundishwa kwa wanawake wa vijiji vilivyopatwa na konzo mkoani Mtwara, baada ya ugonjwa kujitokeza tena huko miaka ya 2000. Katika kijiji cha Kay Kalenge nchini Kongo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba hakupatikana mgonjwa mpya wa konzo katika kipindi chote cha kazi hiyo.

Kumbuka: kulowanisha unga ni hatua ya nyongeza. Hakuchukui nafasi ya kuuandaa muhogo vizuri tangu mwanzo.

5. Kula na protini. Kunde, choroko, karanga za kusaga ndani ya mlenda, dagaa, yai la kuku wa nyumbani. Mtoto apewe kwanza.

6. Kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe sana. Majani nayo yana sumu ile ile.

7. Changanya unga. Muhogo na mtama, au muhogo na uwele, ni bora kuliko muhogo mtupu kila siku.

MASWALI YENU

Mtoto akila muhogo akatapika, amelogwa?
Kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, tumbo kuuma na kuishiwa nguvu saa chache baada ya kula muhogo ni dalili za sumu. Mwahishe zahanati au kituo cha afya, mweleze mhudumu alikula nini. Usipoteze saa nyumbani, sumu hii inaweza kuua.

Nitatofautishaje konzo na polio?
Kazi hiyo mwachie mganga wa kituo. Kwa kawaida polio hulegeza mguu, mara nyingi mmoja, na konzo hukakamaza yote miwili. Lakini mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyepooza ghafla anapaswa kuripotiwa haraka, hata kama unadhani unajua sababu.

Aliyekwisha kupata konzo anasaidiwaje?
Haiponi, lakini mazoezi ya viungo, fimbo zinazomfaa na chakula bora humsaidia kuishi na kufanya kazi. Na aendelee na shule. Akibaki kwenye chungu kile kile anaweza kupatwa mara ya pili, na mara ya pili huwa mbaya zaidi.

Ugali wa muhogo wa dukani ni salama?
Kiwango cha kimataifa cha sianidi kwenye unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kila kilo. Kwa macho huwezi kupima. Kama hujui ulivyotengenezwa, ulowanishe kama tulivyoeleza hapo juu.

LA KUKUMBUKA

Watafiti hawa walianza na mtu aliyeshindwa kutembea, wakaishia kwa mtoto anayetembea vizuri ila hakumbuki alichofundishwa. Kati ya wote wawili, wa pili ndiye tunayeweza kuwa naye hapa Mlali bila kumjua.

Msimu huu ukinunua makopa au ukichimba muhogo wako, uulize umelala siku ngapi. Kama hazitoshi, beseni, mkeka na saa 2 za jua unavyo, na jua la Dodoma halijawahi kutudai pesa.

Mtumie makala hii jirani anayetegemea muhogo. Kama una swali, tuandikie ujumbe mfupi kama kawaida, tutalisoma hewani.